Kompyuta yangu haikufutari kabla ya adhana

Kwa kuwa sahibu yangu amekwisha kuwatangazia watu wa Wete, kuanzia sokoni mpaka bandarini, kwamba kompyuta yangu ilifungua kabla ya adhana ya magharibi, naona ni haki yangu kuyaeleza yaliyotokea kabla hajaizidishia na daku.

Nilikuwa nikiunganisha video ya harusi iliyofungwa mwishoni mwa Shaabani, na mwenyewe aliitaka kabla ya Sikukuu. Chumba changu hakina kiyoyozi. Kina pangaboi moja ambalo kazi yake ni kuligawa joto kwa usawa. Nikaihofia prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, nikashusha programu inayosoma vihisi vya joto na kumwezesha mtu kupanga kasi ya feni kwa asilimia. Mstari wa kwanza uliandika nyuzi 54, wa pili 41, na wa tatu, pembeni mwake pana kialama cha moto, uliandika 127.

Maji ya chai huchemka kwa nyuzi 100. Kwa hesabu yangu, humo ndani mlikuwa na sufuria iliyokwisha kukauka.

Nilizipandisha feni zote hadi asilimia 100, zikanguruma kama boti inayoondoka Mkoani, na ule mstari ukabaki 127. Nikafungua ubavu wa kasha na kumwita mpwa wangu, ambaye alikuja na kipepeo cha Bimkubwa cha kuchochea mkaa na kupepea kwa bidii ya mtu aliyeahidiwa sambusa. Bado 127. Hapo ndipo sahibu, aliyekuwa amejinyoosha juu ya mkeka akihesabu dakika, aliposema: "Mtilie barafu." Naomba mlitie akilini neno hilo, kwa sababu katika masimulizi yake halimo.

Nilitoa kwenye friji barafu nne za ubuyu zilizowekwa kwa ajili ya futari, nikazipanga juu ya kasha, pale penye matundu. (Mnaocheka, subirini, bado hatujafika.) Macho yangu yalikuwa kwenye ile 127, nikiisubiri ishuke japo iwe 126, hata sikuona kwamba vifuko vilikuwa vimeanza kutoka jasho. Kimoja kilikuwa na fundo lililolegea. Nililiona tone la kwanza, jekundu, likitambaa polepole hadi kwenye ukingo wa tundu, likasita, likanenepa. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kipanya na wa pili umeshika barafu nyingine. Akili ilinituma niachie kimoja, nami kwa pupa nikaiachia ile barafu, ikaangukia palepale juu ya wenzake. Fundo likafunguka. Ukasikika mlio mdogo, kama kitunguu kinapoingia kwenye mafuta, ikafuata harufu ya ubuyu uliokaangwa pamoja na vumbi la miaka mitatu, kioo kikawa cheusi, na feni zikanyamaza zote kwa pamoja. Katika ukimya ule mpwa wangu aliendelea kupepea. Sahibu akatazama saa, akasema kwa upole mkubwa: "Bado dakika sita."

Yaliyofuata ni mafupi. Fundi wa Chake Chake alibadilisha pawasapulai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, akaosha ubao kwa spiriti, na diski ikakutwa salama, kwa hiyo bwana harusi hajui lolote isipokuwa awe anasoma hapa. Kuhusu ile 127, fundi aliniuliza tu nimewahi kuona prosesa gani ikafika huko na bado inafanya kazi, ilhali nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na zikizidi hujizima. Ule mstari ulikuwa wa njia ya kihisi ambayo haikuunganishwa na kitu chochote. Joto huandikwa humo kwa baiti moja, yaani kijisehemu kidogo cha kuhifadhia namba, ambayo namba yake ya juu kabisa, ikihesabu na zilizo chini ya sifuri, ni 127, na njia iliyo tupu mara nyingi huishia hapo. Prosesa yenyewe ilikuwa ndiyo ile ya nyuzi 54, nayo haikuwa na shida yoyote mpaka nilipoihurumia.

Kwenye risiti ameandika "kuosha ubuyu". Bimkubwa ameisoma, na sasa anadai barafu zake nne.