Msizibe matofali ya kale kwa saruji

Asante kwa makala kuhusu daraja la reli la Ouse Valley, kule Sussex, Uingereza. Nimefurahi sana kuona picha iliyopigwa kutoka chini, maana uzuri wake uko pale: kila nguzo imetobolewa katikati, tundu nyuma ya tundu, kama milango ya nyumba isiyokwisha. Matundu hayo yalipunguza matofali, na bado yalitumika takriban milioni 11 kwa matao 37. Lilifunguliwa 1841, na treni za London kwenda Brighton zinapita juu yake hadi leo.

Ila kwenye ukarabati mwandishi amepita mbio, na mimi kama fundi mwashi hapa Nairobi pananigusa. Matofali ya zamani yaliungwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, hunywa unyevu na kuutoa, na ukuta ukicheza kidogo nayo hucheza. Saruji ni ngumu. Ukiziba nyufa kwa saruji, maji hukwama ndani ya tofali na uso wake huanza kubanduka vipande vipande. Mafundi wa Lamu, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hilo wanalijua tangu enzi za mababu. Nimeshaona nyumba ya kale Ngara ikipigwa plasta ya saruji, ukuta ukaharibika zaidi.

Reli ilifika Nairobi 1899 na majengo yake ya kale bado tunayo. Wahusika, tafadhali, kabla hamjakoroga simiti muiteni fundi anayejua chokaa.