Kukaa Nyumbani Bila Kazi Si Mapumziko

Mtu akipunguzwa kazini, akimaliza chuo akawa anasubiri ajira, au akivunjika mguu akafungwa plasta, ushauri anaopewa ni uleule: "Ndo upumzike sasa." Kwangu huo ni ushauri mbovu. Mapumziko huja baada ya kazi na mwisho wake unajulikana. Anayekaa nyumbani bila kujua atatoka lini hana cha kupumzikia. Mwili umekaa, kichwa kinakimbia: kodi, ada, simu isiyopigwa, fulani aliyepata nafasi juzi. Ikifika saa kumi jioni hajafanya lolote, na amechoka kama aliyeshinda bandarini akibeba magunia.

Mwaka 2020, wakati wa korona, wengi waliionja hali hii kwa pamoja. Kenya ilitangaza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri kuanzia 27 Machi. Uganda, shule hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Wakati ule ushauri wa mitandaoni ulikuwa wa kujaza siku: jifunze lugha mpya, chukua kozi tano, jenga mwili. Orodha ndefu namna hiyo ni mzigo juu ya mzigo, kwa sababu kila jioni inakuonyesha ulichoshindwa. Anayekabwa na msongo anahitaji mambo machache, madogo, yenye saa zake.

Kuna mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kumsaidia mtu mwenye msongo, uliotolewa 2016, unaitwa Problem Management Plus. Unafundishwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, si lazima wawe madaktari: vikao vitano, kila kimoja dakika 90. Umejaribiwa Peshawar, Pakistan, na pia Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, na ulisaidia. Ninaupenda kwa sababu hauhitaji pesa wala vifaa, na mpangilio wake una akili: kwanza mwili utulie, kisha matatizo yachambuliwe, kisha mtu arudi kwenye shughuli, kisha awarudie watu. Wengi wetu tunaanzia katikati. Tunampa mtu ushauri wa biashara wakati bado mapigo ya moyo yanamwenda mbio.

Kutuliza mwili kunaanza na pumzi. Kaa, legeza mabega, weka mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi tatu, mkono uinuke. Itoe kwa hesabu ya tatu, au nne ukiweza. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza huvuta pumzi kubwakubwa kama anayetaka kupiga mbizi, baada ya dakika mbili anapata kizunguzungu na vidole vinamfanya ganzi, anaacha akisema haimfai. Kilichotokea ni kwamba ametoa hewa ya kaboni nyingi kuliko mwili unavyotaka. Dawa ni kupumua kidogo na polepole, na kutoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta. Wa pili husubiri mpaka hofu imemkaba ndipo ajaribu. Pumzi ni ujuzi, na ujuzi haujifunzwi nyumba ikiwa inaungua. Izoee siku za kawaida.

Usingizi ndio unaovunjika mapema kuliko vyote. Usihangaike na saa ya kulala, maana huwezi kujilazimisha kusinzia. Shika saa ya kuamka. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi kila siku, Jumapili ikiwemo, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na ukatoka nje kwenye mwanga kwa nusu saa, usingizi utajipanga wenyewe katika wiki mbili tatu. Mchana ukizidiwa, lala dakika zisizozidi thelathini, na iwe kabla ya saa tisa. Kahawa ya kijiweni ya saa kumi na moja jioni ina tabu yake: kwa watu wengi inachukua kama saa tano nguvu yake kupungua nusu tu, kwa hiyo saa nne usiku nusu ya kikombe bado iko kazini. Chai ya rangi nzito ni vilevile.

Wataalamu husema kitanda kiwe cha kulalia tu. Ni kweli, ila ushauri huo uliandikwa kwa wenye sebule. Mwenye chumba kimoja, ambako kitanda ndicho kiti na ndicho meza, afanye hivi: asubuhi tandika, tupia shuka la rangi nyingine juu, kisha shughuli zako za mchana zifanyie kwenye mkeka au stuli. Jioni toa lile shuka. Na simu ichajiwe upande wa pili wa chumba. Bando la usiku ni rahisi, na kwa mtu asiye na pa kwenda asubuhi ni mtego mbaya: analipa kidogo, anaangalia video hadi saa tisa, anaamka saa nne, na siku imekwishaharibika.

Sasa hayo mawazo yenyewe. Kumwambia mtu "usiwaze" ni kumpotezea muda. Mpe saa ya kuwaza. Dakika ishirini, tuseme saa kumi jioni, akiwa na daftari. Wazo la kodi likija asubuhi wakati anafua, aliambie subiri saa kumi, aendelee kufua. Inaonekana kama mzaha, ila baada ya siku kadhaa utakuta mengi yaliyokuja kwa kishindo asubuhi hayana nguvu jioni. Ikifika saa hiyo, gawa ukurasa sehemu tatu: yasiyo na uzito, yasiyotatulika kwangu, na yanayotatulika. Yasiyo na uzito yapigie mstari. Yasiyotatulika, kama serikali itatangaza ajira lini, yaache palepale. Hayo dawa yake ni pumzi na watu, hayana dawa ya mpango. Yanayotatulika chagua moja tu.

Hapo kwenye moja ndipo kazi ilipo. "Sina kazi" halitatuliki, limejaa mno. "Kodi ya mwezi ujao imepungua elfu sitini" linatatulika. Andika njia zote zinazokujia, hata za kipuuzi, bila kuzihukumu: kumwomba mwenye nyumba nipunguze sasa nimalizie baadaye, kuuza kabati, kufundisha watoto wa mtaani hesabu jioni, kukopa kwa kaka. Chagua moja au mbili, kisha uzikate vipande vinavyofanyika kesho kwa saa: "Saa tatu nampigia mwenye nyumba. Namtajia kiasi nilichonacho na tarehe ya kumalizia." Mpigie kabla siku ya kodi haijafika, maana anayepiga mapema anasikilizwa kama mpangaji, na anayepiga siku ya tano baada ya tarehe anasikilizwa kama mdaiwa. Mara nyingi mpango unakwama kwa sababu kipande cha kwanza ni kikubwa. Ukiona umeahirisha mara mbili, usijilaumu, kikate tena. Kama kupiga simu ni kuzito, cha kesho kiwe kuandika maneno utakayosema.

Halafu shughuli, na hapa nina upendeleo wangu ambao siuombei radhi: chagua kazi ya mikono ambayo matokeo yake hayasubiri jibu la mtu. Kuomba kazi ni shughuli nzuri lakini malipo yake yako mikononi mwa wengine, na kimya chao kinauma. Kushona nguo zilizochanika kunafaa, hata kuchonga bao la kete kunafaa. Ila kwa mwenye kijisehemu cha uwanja, hata kibaraza chenye jua la saa tano au sita kwa siku, mimi nampeleka kwenye bustani ya gunia.

Chagua mahali kwanza. Gunia la kilo 50 likishajaa udongo na maji linakaribia kilo mia, halihamishiki. Changanya ndoo tatu za udongo, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga, urudie mpaka itoshe. Samadi iwe imepoa na haina harufu kali. Mbichi inachoma mizizi, na miche inakauka ncha ndani ya wiki moja huku ukidhani ni kiu. Tafuta kopo la rangi, likate kitako, lisimamishe katikati ya gunia. Lijaze kokoto za ukubwa wa yai, jaza udongo pembeni hadi usawa wake, kisha livute kopo juu na kuziacha kokoto zisimame. Rudia hivyo mpaka ubakize kiganja kimoja kufika mdomoni. Ule mnara wa kokoto ndio bomba lako la maji. Wanaouruka kwa haraka huishia na gunia ambalo juu ni tope na chini ni vumbi, miche ya chini yote imekufa. Mwagilia siku mbili tatu udongo ushuke, ongeza uliopungua, ndipo utoboe ubavuni matundu ya kupitisha kidole, yaachane sentimita 20, yapishane kama matofali ukutani.

Pembeni ingiza miche ya sukuma wiki au chainizi yenye umri wa wiki nne hivi. Juu sia mchicha. Mbegu zake ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize, ufunike kidogo tu. Ukifukia kina cha kidole hazitatoka. Mchicha ndio ninaousisitiza kwa mtu mwenye msongo, kwa sababu siku ya tatu hadi ya tano unaona kijani, na wiki ya tatu au ya nne unang'oa mboga. Sukuma wiki itakuchelewesha mwezi mwingine, ila ikishaanza unachuma majani ya chini kwa miezi.

Maji yawe kama lita kumi asubuhi, uyamwage kwenye kokoto, na kiangazi ongeza jioni. Ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Kwa wa pwani, maji ya kisima yenye chumvi yanaunguza kingo za majani, kwa hiyo kinga maji ya mvua kila inaponyesha. Vidukari wakijaa chini ya jani, kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, nyunyiza jioni, asubuhi suuza. Kuku wa jirani hawana dawa zaidi ya chandarua chakavu.

Faida yake kwa kichwa ni hii: gunia linakupa miadi ya kila siku ambayo huwezi kuiahirisha, na linakutoa nje kwenye mwanga uleule wa asubuhi unaotengeneza usingizi. Mazoezi ya mwili yanaweza kufuatana nalo. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ndicho kiwango cha chini anachoshauriwa mtu mzima. Zigawe nusu saa siku tano, umemaliza.

Kikwazo kikubwa katika nyumba zetu huwa ni kauli ya "si upo tu nyumbani". Anayeonekana amekaa hutumwa. Dukani, shuleni kumchukua mtoto, kusubiri fundi bomba. Kukataa kunaleta ugomvi, na kukubali kila kitu kunaila siku nzima. Kinachofanya kazi ni kutangaza saa mapema na kujitolea jambo moja linaloonekana: "Mama, saa tatu mpaka saa sita naandika barua za kazi, tafadhali usinitume. Saa sita nikimaliza, sokoni nitakwenda mimi kila siku." Ulichoahidi ukitimize wiki ya kwanza bila kukosa, la sivyo saa zako hazitaheshimiwa tena. Kwa mwanamke aliyepoteza kazi hali ni nzito zaidi. Siku anayobaki nyumbani ndiyo siku dada wa kazi anaondolewa na kila kitu kinamwangukia, kisha anaambiwa ana muda wa ziada. Huyo asianze na bustani. Aanze kwa kudai dakika 45 zake kwa siku, mume akiwa na watoto, mlango umefungwa.

Na watu. Aibu ya kukosa kazi inamfanya mtu akwepe kijiwe, akwepe harusi, akwepe hata msikitini au kanisani. Mtafute mmoja, si kundi zima la WhatsApp, umpigie siku ileile kila wiki. Drafti ya vizibo vya soda haina gharama.

Kuna hali ambayo haya yote hayatoshi. Ukipita wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, huli au huwezi kuamka, umeanza kutegemea pombe ili ulale, nenda hospitali. Ukianza kuwaza kufa au kujidhuru, usisubiri wiki mbili, nenda siku hiyohiyo na usiende peke yako. Ukifika, usiishie kusema "kichwa kinauma na moyo unakwenda mbio", kwani kwa maneno hayo unaweza kupimwa malaria na presha na kurudishwa na vidonge vya maumivu. Sema tangu lini, unalala saa ngapi, unakula mara ngapi, nini kilitokea kabla, na kama umewaza kufa litamke hivyohivyo. Ukihofu kulia mbele ya daktari, yaandike kwenye karatasi umkabidhi.