Tajiri wa maili 16,000

Zamani nilikuwa nasukuma semi ya tajiri mmoja, Dar hadi Tunduma. Siku hizi niko Dallas na lori ni langu, kwa hiyo tajiri ni mimi, dereva ni mimi, na utingo wa kugombezwa ni mimi.

Usiku mmoja nimepaki Arkansas, nyumbani kukanijia. Nikabonyezabonyeza dashibodi mpaka odomita ikaanza kusoma kilomita. Ramani ya simu nayo nikaigeuza. Roho ikatulia, nikalala. Asubuhi nikawa nimeshasahau, maana mimi husoma namba, herufi za pembeni sizijali.

Mwisho wa mwezi uliofuata nikapiga hesabu. Dizeli, marejesho ya mkopo, bima, kodi ya trela, akiba ya matairi na oili, ushuru wa barabara, hata mshahara wangu: dola 17,600. Odomita imetembea 16,000. Nikagawanya: dola 1.10 kwa maili! Wenzangu wanalia na 1.80.

Nikageukia mafuta: galoni 1,530. Yaani maili kumi na nusu kwa galoni moja, na malori ya wenzangu yanahangaika na sita na nusu! Nikafungua darasa palepale kwenye kituo cha mafuta. "Siri ni mguu," nawaambia. "Pedali ikanyage kama umekanyaga yai." Mmoja alivua buti, akawa anaendesha na soksi.

Dalali akipiga na mzigo wa Atlanta, maili 780, dola 1.50 kwa maili, wenzangu wanamkatia simu. Mimi napakia na kumshukuru, faida senti 40 kila maili. Wiki tatu nikawa nabeba kila walichokitema, huku akaunti inakonda kama ina minyoo.

Aliyeniumbua ni dereva mwenzangu, Mkongo. "Maili 16,000 mwezi mmoja? Ndugu yangu, wee unalalaka saa ngapi?" Hapa Marekani sheria inakupa saa 11 za usukani kwa siku, na saa 70 za kazi kwa siku 8, kusubiri kupakiwa humohumo. Akapanda kuangalia dashibodi. Nilimsikia akicheka kabla sijamwona akishuka, na aliposhuka alikaa kwenye ngazi, miguu imemwisha nguvu.

Kilomita 16,000 ni maili kama 9,940. Gharama yangu halisi, dola 1.77. Kila safari ya Atlanta nilikuwa namlipia mwenye mzigo zaidi ya dola 200 kwa heshima ya kumbebea.

Nikarudi nyumbani kichwa chini, nikamsimulia mke wangu. Nilitegemea pole. Akaweka mwiko chini.

"Kumbe! Ndiyo maana kila ukinipigia kwamba zimebaki mia mbili, unafika sijabandika hata maji ya ugali. Mwezi mzima nadhani unataka kunifumania!"