Soko Gani Hilo Mnalolisema?

Ukitaka kuua mazungumzo kuhusu malipo ya wanamichezo wa kike, sema neno moja tu: soko. Wanawake hawajazi viwanja, hawauzi jezi, televisheni hazigombanii mechi zao, basi walipwe kulingana na wanachoingiza. Msemaji akishamaliza hapo huegemea kiti na kukunja mikono, maana ameshafunga kesi. Jibu hilo nalijua vizuri kwa sababu kwa miaka mingi lilikuwa langu. Nililitoa kila ulipozuka ubishi, na mara nyingi nilishinda.

Kilichonitoa huko ni kisa cha Diana Taurasi. Huyu ni mmoja wa wachezaji bora wa mpira wa kikapu waliowahi kutokea, mwenye medali sita za dhahabu za Olimpiki. Mwaka 2015 hakucheza kabisa msimu wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya kwao Marekani. Hakuwa majeruhi. Timu aliyoichezea Urusi, UMMC Ekaterinburg, ambayo ilikuwa ikimlipa takriban dola milioni 1.5 kwa msimu, ilimwongezea pesa ili akae nyumbani apumzike, arudi Urusi na miguu mizima. Mshahara wa juu wa WNBA wakati ule ulikuwa kama dola 107,000. Kwa kukaa tu alipata zaidi ya ambacho angepata kwa kucheza.

Mchezaji yuleyule, mpira uleule, kikapu kiko juu vilevile. Soko lipi hapo ndilo lililomthamini sawasawa?

Utaniambia pesa ile ya Urusi haikuwa ya soko, ilitoka kwa matajiri wanaopenda kikapu. Naam, nakubali. Lakini basi tuambiane na ukweli wa pili: klabu ngapi za soka za wanaume zinaishi kwa mfuko wa tajiri? Klabu inapata hasara miaka nenda miaka rudi, mwenye klabu anaziba pengo, na mshambuliaji anapokea kila wiki pesa ambazo klabu haikuzizalisha. Sijasikia hata siku moja mtu akimtaka mshambuliaji huyo azilete kwanza ndipo alipwe. Hasara ya timu ya wanaume tumezoea kuiita uwekezaji. Ya wanawake inabaki na jina lake.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa soko hatukuwa tukilitaja, pengine kwa kutolijua. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1920, jijini Liverpool, timu ya soka ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies ilicheza na wenzao wa St Helens kwenye uwanja wa Goodison Park. Dick, Kerr walikuwa wanawake wa kiwandani kutoka Preston, waliokuwa wakitengeneza zana za vita wakati vijana wa kiume wako mstari wa mbele. Siku hiyo waliingia watazamaji wapatao 53,000. Milango ikafungwa, na maelfu wakabaki nje. Zikapatikana zaidi ya pauni 3,000 za kusaidia wenye shida, kiasi kikubwa mno kwa siku zile.

Tarehe 5 Desemba 1921, hata mwaka haujatimia, chama cha soka cha England kikakaa kikao na kutamka kwamba mchezo huu haumfai mwanamke, na kwamba klabu wanachama zisiwape wanawake viwanja vyao. Marufuku hiyo ilikaa takriban miaka 50. Brazil nayo iliwapiga marufuku wanawake kuanzia 1941 hadi 1979, na Ujerumani Magharibi kuanzia 1955 hadi 1970. Hizo ni nchi tatu ambazo huwezi kusimulia historia ya soka bila kuzitaja.

Hebu fikiria kilichotokea upande wa wanaume katika nusu karne hiyo. Majukwaa yalijengwa. Redio ikaja, kisha televisheni. Mtoto alibebwa mabegani mwa baba kwenda uwanjani, akakua, naye akambeba wa kwake, na mapenzi ya klabu yakarithiwa kama shamba. Wadhamini wakajipanga foleni. Muda wote huo mwanamke aliyetaka kucheza alitafuta uwanja wa pembeni usiomilikiwa na mwanachama yeyote wa chama. Kisha tunamfungulia, na kabla hajapanga bidhaa tunamuuliza mbona dukani kwake hakuna wateja.

Wateja wenyewe wapo. Aprili 2022, Barcelona na Wolfsburg za wanawake zilicheza Camp Nou mbele ya watu 91,648. Miezi mitatu baadaye fainali ya Ulaya ilijaza watu 87,192 pale Wembley. Sidai kwamba kila mechi iko hivyo. Nyingi haziko hivyo. Ila nimeacha kuamini kwamba watu hawapendi kitu ambacho walizuiwa kukiona kwa vizazi viwili.

Halafu kuna watu wa seti tano. Hawa ni wa tenisi. Wanasema katika mashindano makubwa manne mwanaume anacheza hadi seti tano, mwanamke hadi seti tatu, sasa kwa nini zawadi ilingane? Inaonekana ni hesabu ya haki kabisa, mpaka uipeleke nje ya tenisi. Usain Bolt alikimbia mita 100 Berlin mwaka 2009 kwa sekunde 9.58; kwa kipimo cha saa angeondoka na nauli ya basi. Bondia anayemlaza mwenzake raundi ya kwanza angerudishiwa mkataba na kuambiwa bado anadaiwa raundi kumi na moja. Na mwanaume anayeshinda kwa seti tatu mfululizo, mbona hakatwi za seti mbili alizookoa?

Wimbledon, moja ya mashindano hayo manne, mwaka 2005 ilijibu swali hili yenyewe, japo wakubwa wake hawakutaka kusikia. Siku moja kabla ya fainali, Venus Williams aliingia kwenye kikao cha wakuu wa mashindano hayo makubwa, akawaomba wafumbe macho, wamfikirie msichana anayeambiwa kwamba kuna mahali hatafika kwa kuwa ni msichana. Mchezaji gani anakwenda kuhutubia kamati siku moja kabla ya fainali? Kesho yake akaingia uwanjani kupambana na Lindsay Davenport. Akapoteza seti ya kwanza. Akanusurika pointi moja tu ambayo ingempa Davenport kombe. Akashinda 4-6, 7-6, 9-7 baada ya saa 2 na dakika 45, fainali ndefu kuliko zote za wanawake katika historia ya Wimbledon. Jumapili Roger Federer akammaliza Andy Roddick kwa seti tatu, kwa muda mfupi zaidi. Federer akachukua pauni 630,000. Venus akachukua pauni 600,000.

Pauni 30,000 ni kitu gani kwa Wimbledon? Ndiyo maana nasema haikuwa hesabu. Ukiwa na uwezo wa kulipa 600,000, hushindwi na 30,000. Tofauti ile iliwekwa pale ili ionekane. Ilikuwa kama kiti cha nyuma anachopewa mgeni ili ajue nafasi yake.

Na wasingeweza kusema hawakujua kwamba inawezekana. Mwaka 1972 Billie Jean King alishinda mashindano ya wazi ya Marekani akapewa dola 10,000, huku Ilie Năstase upande wa wanaume akipewa 25,000. Akasema wazi kwamba mambo yakibaki hivyo hatarudi mwakani. Mwaka uliofuata Margaret Court na John Newcombe waliondoka na dola 25,000 kila mmoja. Pengo liliziba kwa pesa za mdhamini, mtengenezaji wa dawa ya kuondoa harufu ya kwapa. Wimbledon ilifuata mwaka 2007, miaka 34 baadaye, na aliyelichukua kombe mwaka huo wa kwanza wa malipo sawa ni Venus mwenyewe. Kuna siku michezo inajua kusimulia.

Sasa nikiri kitu, maana nisipokiri mimi mtakitaja ninyi. Sisemi kwamba kesho kila mchezaji wa klabu ya wanawake alipwe sawa na nyota wa klabu tajiri ya wanaume. Mshahara wa klabu unatoka kwenye mapato ya klabu na ligi, na mapato hayo kwa leo hayafanani hata kidogo. Lakini hata hapo kuna swali ambalo watu wa soko huliruka: mchezaji anapata fungu gani la kile kilichoingia? Wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya wanaume Marekani, wanagawana na wenye timu karibu nusu kwa nusu ya mapato ya kikapu. Wenzao wa WNBA kwa miaka mingi walipata fungu dogo mno la mapato ya ligi yao wenyewe. Ndiyo maana Julai 2025, kwenye mechi ya nyota wote pale Indianapolis, walipasha misuli wakiwa na fulana zenye maneno ya kuwataka wakubwa wawalipe wanachowadai. Hawakuwa wakiomba mshahara wa LeBron James, nyota wa NBA. Walitaka mgao wa chungu chao wenyewe.

Timu ya taifa ni habari nyingine kabisa, na hapa sina subira. Jezi ni ya nchi, wimbo ni wa nchi, shirikisho ni la watu wote. Desemba 2016 wanawake wa Nigeria walikwenda Cameroon wakatwaa ubingwa wa soka wa Afrika mbele ya wenyeji. Waliporudi Abuja hawakulipwa bonasi zao. Basi wakagoma kutoka hotelini, na kombe wakalishikilia. Nimejaribu kuipata picha hiyo akilini: mabingwa wa bara zima wamejifungia vyumbani na kombe kama rehani, wakisubiri kulipwa walichoahidiwa. Habari za soko zinaingiaje hapo? Kuahidi na kutolipa hakuna uchumi wake.

Na yako mambo ambayo hata hayafiki kwenye orodha ya mishahara. Sara Björk Gunnarsdóttir, kiungo wa Iceland, alipata ujauzito akiwa na mkataba na Lyon, klabu ya Ufaransa. Mshahara ukapungua mpaka kubaki makombo. Ilibidi afike mbele ya FIFA, ambayo mwaka 2022 iliamua alipwe euro zaidi ya 82,000 za mshahara wake. Sheria ya FIFA ya kulinda wajawazito ilikuwa imeanza Januari 2021 tu. Mpaka hapo, mchezaji wa kulipwa aliyeshika mimba mara nyingi alitegemea huruma ya bosi.

Nimalizie na Wamarekani, maana kesi yao ndiyo iliyonifundisha kusoma jedwali la malipo kwa makini. Machi 2019 wachezaji wa timu yao ya taifa ya soka ya wanawake walilishtaki shirikisho lao. Julai wakanyanyua Kombe la Dunia Lyon, na uwanja mzima ukawa unaimba ukidai malipo sawa. Mei 2020 jaji akaitupa hoja yao ya mishahara. Sababu? Katika kipindi kilichobishaniwa, timu ya wanawake ilikuwa imelipwa wastani wa kama dola 220,000 kwa mechi, na ya wanaume kama dola 212,000. Rafiki zangu wa soko walishangilia. Umeona? Wanalipwa hata zaidi!

Rudia kusoma. Katika kipindi hicho wanawake walicheza mechi 111 dhidi ya 87 za wanaume, wakachukua Kombe la Dunia mara mbili, 2015 na 2019. Wanaume hawakufuzu hata kwenda Urusi 2018. Ilibidi upande mmoja ushinde dunia nzima mara mbili ili upate zaidi kidogo kuliko upande uliobaki nyumbani kuangalia kwenye televisheni. Jaji aliangalia jumla, na jumla ilikuwa sahihi. Kilichokuwa kimejificha ndani yake ni kiwango cha ushindi ambacho hakuna mwanaume aliyedaiwa.

Februari 2022 wakapatana kwa dola milioni 24, na Mei wakasaini mikataba mipya: pesa zitakazotoka FIFA kwa Kombe la Dunia, la wanaume na la wanawake, zitiwe kwenye chungu kimoja, kisha zigawanywe sawa. Desemba ya mwaka huo wanaume wao walitolewa Qatar hatua ya 16 bora na Uholanzi. FIFA ililipa dola milioni 13 kwa kuishia hapo. Shirikisho lilikata chake, nusu ya kilichobaki ikaenda kwa wanawake, na nusu hiyo ilizidi dola milioni 4 ambazo FIFA ilizitoa walipokuwa mabingwa wa dunia mwaka 2019.