Weupe wa Elizabeth ni rangi iliyofifia

Kila nikiona picha "halisi" ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza iliyotengenezwa kwa kompyuta, macho yangu hukimbilia mashavuni. Karibu zote zimempa ngozi nyeupe kama chokaa. Kope zinahesabika, vinyweleo vinaonekana, na mtazamaji anaondoka akiamini amekutana uso kwa uso na mwanamke aliyefariki mwaka 1603. Hapo ndipo moyo huniuma.

Weupe ule umetoka wapi? Chukua picha iitwayo Darnley, iliyochorwa takriban mwaka 1575 na sasa imo katika jumba la picha la National Portrait Gallery, London. Wataalamu walipoichunguza walikuta wekundu aliopaka mchoraji umefifia kadiri miaka ilivyopita. Mashavu yale yalikuwa na damu. Hata mapambo ya gauni tunayoyaona ya kahawia yalikuwa mekundu ya kukolea. Programu haijui hayo. Inachukua rangi iliyokufa na kumvisha mtu kama ngozi.

Na huo ni mwanzo tu. Mchoraji mwingine wa malkia, Nicholas Hilliard, aliandika kwamba malkia alichagua kuchorwa akiwa bustanini, mahali pasipo na mti wala kivuli chochote. Pasipo kivuli, kunyanzi halionekani vizuri. Mwaka 1596 baraza lake likaamuru picha zisizomstahi ziharibiwe. Katika picha ya Rainbow, iliyoko katika jumba la Hatfield House, Uingereza, anakaribia miaka 70 lakini ana uso wa msichana. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa hana mume wala mtoto, na kila kunyanzi lilikuwa swali la nani atarithi kiti. Ila leo mtu anapochukua uso ule wa kisiasa na kuutilia vivuli vya dirishani, anabuni juu ya ubunifu, halafu anatuambia ndivyo alivyokuwa.

Mimi ningeanza na waliomwona. Balozi wa Ufaransa, de Maisse, alikutana naye mwaka 1597: uso mrefu, mwembamba, meno ya njano, mengine yameng'oka. Mwaka uliofuata msafiri Mjerumani, Paul Hentzner, akaona macho madogo meusi, pua iliyopinda kidogo, na nywele nyekundu za bandia. Kisha ningekwenda kwenye picha ndogo ya Isaac Oliver, ya miaka ya mwanzo ya 1590, ambayo hakuimaliza. Mule malkia amezeeka waziwazi.

Huyo ndiye ninayetamani mtu amchore upya kwa ustadi wote wa leo: mwenye mapengo upande wa kushoto, anayeongea kwa kasi hadi balozi akapata taabu kumwelewa.