Kilimo cha kitaalamu hakikuja na meli

Kuna mwandishi kaandika eti kilimo cha kitaalamu tumeletewa na wakoloni, hapana kaka, nenda Mbinga, kusini mwa Tanzania, kwanza uone ngoro za Wamatengo, yaani yale mashimo yao ya kulimia mlimani. Ule mlima umesimama kabisa, watu wanafyeka majani mvua zinapoelekea mwisho, wanayalaza kwa mistari ya kukatizana yanatoka maboksi maboksi, halafu kinamama (kazi ngumu wanaachiwa wao kama kawaida) wanachimba katikati, udongo wanafukia yale majani yanakuwa matuta. Juu ya matuta inaenda maharage, msimu unaofuata mahindi, maji yanabaki shimoni hayaondoki na udongo na majani yakioza chini ndo mbolea hiyo. Wameanza kabla hata Mjerumani hajafika.

Sasa linganisha na Waingereza na mradi wao wa karanga pale Kongwa 1947, walileta mpaka matrekta yaliyotengenezwa kwa vifaru vya vita, mvua ya Dodoma hawakuiuliza, kiangazi ardhi ikakauka ngumu kama zege karanga hazing'oki, 1951 wakafunga virago na mapauni mamilioni yameteketea. Hapo mtaalamu nani?