Namba 46 kwenye milima ya Hà Giang

Mabasi ya usiku ya Vietnam hayana siti, yana vitanda. Vya chini na vya juu, mistari mitatu, vijia viwili vyembamba katikati, na kabla hujapanda ngazi konda anakuonyesha miguu yako kwa kidole, maana yake vua. Unavua viatu unavitia kwenye mfuko wa plastiki, yeye anauchukua anautupa kwenye rundo mbele karibu na dereva, af unapanda pekupeku kama unaingia msikitini. Mifuko yote rangi moja. Hapo ndo pa kukumbuka maana kila kitu kilianzia hapo.

Mi na shemeji yangu tulikuwa tumemaliza mambo yetu ya korosho huko kusini, si unajua korosho ghafi za Mtwara na Lindi nyingi zinaishia Vietnam ndo zinabanguliwa, sasa shemeji ambaye anakaa Hanoi akasema Shem huwezi kurudi nyumbani umeona magodauni tu, twende Hà Giang, kaskazini kabisa, mpakani na China, kuna milima hujawahi kuiona. Nikamwambia mi nimezaliwa Tanzania we unanitishia milima? Akacheka tu. Akakata tiketi.

Basi linatoka Hanoi jioni, kilomita karibu 300, linafika usiku wa manane. Kitanda nilichopewa kimepimwa kwa mtu wa huko. Mimi nina futi sita na ushee na kilo ambazo ni siri yangu na mizani, nikawekwa cha juu, pale pa kuingiza miguu kuna kiboksi cha plastiki ambacho mguu wangu mmoja tu ndo ulienea, wa pili nikaulaza kwenye kijia, kila anayekwenda kukojoa anaupiga bega. Sikulala. Nilikuja kupitiwa na usingizi tulipokaribia kufika, ndo ule usingizi mtamu, nikashtuka konda ananivuta dole gumba la mguu na basi zima tupu.

Nashuka, mvua manyunyu, baridi inauma, Novemba ile. Pale chini umebaki mfuko mmoja. Nauokota, mwepesi. Nautikisa, unawaka taa! Nyekundu, bluu, nyekundu, bluu. Nikafungua, sendozi za mtoto wa miaka minne hivi, za pinki, zile zenye taa kisigino.

Shemeji badala ya kunisaidia akakaa chini kwenye begi lake akaanza kucheka hadi akawa hatoi sauti.

Konda akaniangalia miguu, akaangalia sendozi, akaangalia tena miguu, akasema kitu kirefu sana. Shemeji akatafsiri kwa shida huku anafuta machozi, kwamba kuna mama alishuka na mtoto kalala begani, akachukua mfuko gizani akapanda gari lingine, sijui la kwenda wapi. Kwa hiyo buti langu la ngozi, namba 46, zito lile, mama wa watu kalibeba mkono mmoja na mtoto mkono mwingine na hakushtuka! Wanawake wa milimani wana nguvu, nitawaambia baadaye.

Basi nikawaza sio kesi, Vietnam hii hii inauza viatu dunia nzima, baada ya China hakuna nchi inayosafirisha viatu kuishinda, kukikucha nanunua pea nyingine. Kukakucha. Duka la kwanza, kubwa kuliko zote 42. La pili, 43, dada wa duka akaileta kwa fahari kabisa, nikaingiza vidole vitano vikaingia vitano, mguu ukabaki nje. La tatu yule mama hakuleta kiatu hata, alitoa simu akapiga picha mguu. Viatu namba 46 wanavitengeneza, ila wanavitia kwenye makontena vinakwenda Ulaya, hakuna anayeviacha Hà Giang.

Ndo dereva wetu akaniokoa. Pale wageni wengi wanakodi pikipiki wenyewe, sisi hatuna leseni ya pikipiki na askari wa barabarani wa kule hawana utani, tukachukua madereva, kila mtu na wake, unapakiwa nyuma mwenyewe unaangalia milima. Bodaboda ya siku kadhaa yani. Wangu mwembamba, hafiki hata nusu yangu, pikipiki ndogo ya gia isiyo na klachi. Akaenda kwao akarudi na yeboyebo nyeupe za plastiki zenye matundu matundu, za babu yake anasema, nikavaa, kisigino chote kikawa kinaelea hewani nyuma. Soksi mbili mbili, juu ya soksi mfuko wa plastiki, juu ya mfuko yeboyebo. Safari ikaanza.

Sasa huo mlima wa kwanza tu, Bắc Sum wanauita, barabara imejikunja imejikunja utadhani aliyeichora ni mlevi, pikipiki inalia, dereva kainamia usukani, mi nimejikunyata nyuma najaribu kuwa mwepesi, wale wageni wengine wanatupita wanapunga mkono. Juu kuna mahali wanaita Geti la Mbinguni, unaona mji wa Quản Bạ chini na vile vilima viwili vya duara vimekaa pamoja, wenyewe wanasema ni matiti ya malaika, mi sikusema kitu nina mke. Hapo wakasimama kupumzika na dereva wangu akapiga picha miguu yangu. Nikadhani kumbukumbu.

Kumbe ameirusha kwenye grupu la Zalo la madereva! Zalo ndo wanayotumia wao kuchati. Kila dereva anayezunguka milima ile yumo humo. Tunafika Yên Minh kula, mama wa hoteli anatoka jikoni na mwiko mkononi anakuja moja kwa moja meza yetu, hasalimii, anachungulia chini ya meza. Anaita wenzake. Tunafika Sà Phìn kwenye jumba la ukoo wa Vương, waliokuwa wakubwa wa Wahmong, kabila la milimani kule, enzi za biashara ya kasumba, yani afyuni, jumba la mawe na mbao zuri ajabu, nguzo chini wamezichonga umbo la tunda la kasumba, mi nashangaa nguzo, watu wanashangaa mimi. Mzee mmoja akaweka mguu wake sambamba na wangu akapima, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama vile nimefiwa.

Ila niseme ukweli, ile nchi ni nzuri. Uwanda wa Đồng Văn wote ni mawe, mawe meusi yenye ncha yametoka ardhini kila mahali, UNESCO iliutambua kama jiopaki, yani hifadhi ya miamba, mwaka 2010, na katikati ya mawe hayo watu wamelima mahindi. Sio shamba la mistari, hapana. Palipo na udongo wa kujaa kofia, kuna shina la muhindi. Wanawake wanapanda huko juu na makapu mgongoni, wamejaza majani au kuni hadi huoni kichwa, unaona furushi linatembea na miguu miwili, na wanakupita wewe uliyebeba simu tu. Nikaacha kushangaa yule mama na buti zangu.

Na penye mahindi mwanangu kuna chakula. Usiku Đồng Văn tukaletewa mèn mén, unga wa mahindi wa kusaga kwa jiwe, wanaupika kwa mvuke mara mbili. Ni ugali uliokataa kushikana. Nikajaribu kufinyanga tonge likavunjika, nikajaribu tena, likavunjika, wenyeji wanakula kwa kijiko wanamwagia na supu wananitazama navyohangaika. Mwishoni nikashindilia mkononi kwa nguvu zote likakaa, nikachovya kwenye mchuzi likayeyukia humo humo. Kijiko nikakichukua kimya kimya.

Af kuna pombe ya mahindi. Hiyo sasa gongo halali, nyeupe, ipo kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa hiyo kuwa makini unapokuwa na kiu. Wanamimina vikombe vidogo, mnapiga kelele một hai ba dôôô, yani moja mbili tatu twende, mnabugia, mnapeana mkono, kila mtu na kila mtu, kisha mnaanza upya. Shemeji akapeana mkono na nguzo ya nyumba.

Asubuhi yake ndo Mã Pí Lèng, pale barabara inapopita ubavuni mwa mlima juu ya korongo. Hii barabara tuliyokuwa tunaifuata inaitwa Barabara ya Furaha, ilijengwa kuanzia 1959 hadi 1965, vijana wa kujitolea kutoka mikoa mbalimbali, nyundo na mitalimbo, na hapo Mã Pí Lèng walikuwa wananing'inia kwa kamba kwenye ukuta wa jiwe wanachimba, miezi 11 kwa kipande hicho tu. Upande mmoja ukuta, upande wa pili hakuna kitu, mamia ya mita chini huko mto Nho Quế rangi ya kijani ya ajabu umejipenyeza kwenye korongo. Upepo wa pale unavuta. Yeboyebo moja ikaanza kucheza cheza kisiginoni, nikamgonga dereva bega nikamwonyesha, akasimama akatoa mpira wa kufungia mizigo akanikaza mguu vizuri, mmoja na wa pili, akapiga kofi la kumaliza kazi, tukaondoka. Nikamshukuru sana moyoni.

Ambacho sikukijua ni kwamba hakufunga yeboyebo na mguu tu. Kafunga yeboyebo, mguu, na kile chuma cha kuwekea miguu. Kwake yeye mzigo ni mzigo.

Tunafika pale pa kupigia picha, wazungu wamejaa, Wakorea, bibi harusi mmoja na shela lake sijui alifikaje, dereva anasimamisha pikipiki anashuka mbele kwa wepesi wake ule, mi narusha mguu wa kulia nishuke kama mtu mwenye heshima zake. Mguu haukurudi. Mwili ukaenda. Nikaona mbingu, nikaona shela, nikasikia kishindo, nimelala upande na pikipiki imelala nami mguuni, hatuachani. Naisukuma inanivuta, nainuka nayo nusu tunarudi wote chini. Mzungu mmoja kakimbilia kunivuta mikono, dereva anavuta pikipiki upande wa pili, nikapiga yowe la Kiswahili kabisa, "MNANICHANA JAMANI!" Shemeji yuko wapi? Shemeji yuko juu ya jiwe anarekodi. Sikuumia, ila bibi harusi alicheka wanja ukamchuruzika, ikabidi wasimamishe picha.

Video hiyo ndo iliyopata viatu. Ilirushwa Zalo nayo, kabla hatujafika Mèo Vạc simu ya dereva ikaita, anaongea, ananiangalia, anaongea, ananionyesha dole gumba. Kuna dereva ana dada yake kijijini, karibu tu na Mèo Vạc, karudi kutoka Hanoi na viatu ambavyo ukoo mzima haujui ni vya nani wala ni vya nini.

Tukaenda. Njia ya zege nyembamba, mwisho nyumba ya udongo yenye ukuta mnene na paa la vigae, na mbele yake wamesimama watu si chini ya ishirini. Yule mama akatoka kaziba uso kwa mikono kwa aibu na kicheko. Mtoto kajificha nyuma ya sketi ananichungulia kama zimwi, lakini nilivyotoa sendozi zake akazinyakua, akavaa, akaanza kukanyaga matope kwa nguvu taa ziwake, hakuniangalia tena mpaka tunaondoka.

Nikaingizwa jikoni. Giza, moto chini katikati, moshi mzito hauna haraka ya kutoka, juu mahindi yamening'inizwa mafungu mafungu, na chini ya mahindi, juu kabisa ya moto, vipande virefu vya nyama ya nguruwe vinakaushwa kwa moshi, vyeusi, vinadondosha mafuta. Na katikati ya nyama, ndoano mbili za waya, buti zangu.

Waliziosha! Kwa wema kabisa, zilikuwa na matope, wakaziosha na maji na sabuni ndani na nje, wakazitundika zikauke. Tangu siku ile. Babu wa nyumba akazitungua kwa heshima, akazipangusa masizi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ngumu hizo ukigonga zinaitika. Nikakaa kwenye kigoda, jiko zima kimya, nikaingiza mguu. Vidole vikaingia. Katikati ya mguu, stop. Nikasukuma, babu akasukuma kisigino, dereva akanishika mabega, mama akaleta mafuta ya nguruwe nikakataa kwa adabu. Zilikuwa 46, sasa hivi labda 41.

Kikapita kimya kidogo hivi. Af babu akatoa chupa ya maji ambayo si maji. Một hai ba dôôô.

Baada ya vikombe kadhaa dereva wangu akachukua buti akajaribu. Zikamkaa barabara. Akatembea nazo jikoni huku na huku, ko, ko, ko, akageuka kwenye kona ya moto kama mwanajeshi, ukoo ukapiga makofi, nikaona hata nikitaka kuzidai nitaanzia wapi. Nikamwambia shemeji amwambie ni zawadi. Shemeji akasema, Shem, keshamwambia mkewe kwenye simu.

Asubuhi tukashika njia ya Du Già, yeye mbele na buti zangu, mi nyuma na yeboyebo za babu yake, safari hii nikajifunga mwenyewe, na kila kijiji tulichopita mbwa wote walitoka wakatufukuza kilomita nzima kwa ile harufu ya nyama.